Kazi ya Kufumua Wavu Mkuukuu

Wavu wa kuzungushia samaki ukishachakaa hauna tena sura ya wavu. Unakuwa kichuguu cha kijani kilichopauka, kilichoshikamana kwa chumvi, mwani mkavu na magamba ya samaki wa misimu mingi, na ukijaribu kuuvuta upande mmoja unajikuta unavuta pande zote bila kitu kusogea. Miezi michache iliyopita nilikaa juu ya kichuguu cha namna hiyo, kwenye gati la bandari ya uvuvi, nikiwa na kisu mkononi na wavuvi wawili wazee kando yangu. Tulitaka kujibu swali ambalo kwa mbali nilikuwa nimeliona dogo: ni kazi gani hasa inayotakiwa kufanywa ili wavu kama huu uingie katika lori la kwenda kurejelezwa, badala ya kuzikwa jaani, kuchomwa nyuma ya ghala, au kusukumwa majini usiku wakati hakuna anayeona?

Jibu lilitumaliza asubuhi nzima, na wavu hatukuumaliza. Zile nyuzi zilizofumwa macho kwa macho, ambazo ndizo kiwanda kinazozitaka, ni sehemu tu ya mzigo. Juu kuna kamba iliyotungwa maboya. Chini kuna kamba nyingine yenye risasi, ile metali nzito ya kuzamishia wavu, na katika nyavu nyingi za siku hizi risasi hiyo huwezi hata kuiona, kwa kuwa imesukiwa ndani ya kamba yenyewe kama uboho ndani ya mfupa. Pembeni kuna kamba za kuimarisha, na kwa nyavu za aina hii kuna pete za chuma za kupitishia kamba ya kufungia. Kisha kuna viraka, na viraka ndivyo vilivyotutoa jasho, kwa sababu kila mahali wavu ulipochanika miaka iliyopita palishonwa kwa uzi uliokuwapo siku hiyo. Mzee mmoja alinyanyua kipande cha rangi ya chungwa katikati ya kijani, akakitazama kidogo, akasema, "Hapa nilishona kwa uzi nilioupata, mwanangu, si kwa uzi niliotaka." Tulipofika saa sita mchana tulikuwa tumenoa visu mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, maana mchanga na chumvi iliyonasa ndani ya nyuzi humaliza makali upesi kuliko nyuzi zenyewe.

Tangu siku hiyo nimekuwa mgumu kuamini habari za urejelezaji wa zana za uvuvi zinazoanzia kiwandani. Habari hizo tunazifahamu: kuna picha ya wavu uliomnasa kasa, kisha kuna mashine inayong'aa, kisha kuna begi zuri au miwani ya jua. Kinachorukwa ni hiyo asubuhi ya kisu. Mimi naona kwamba mpango wowote wa kurejeleza nyavu husimama au huanguka palepale gatini, katika saa za kufumua na kuchambua, na kwamba swali la maana kuliko yote ni nani anayezilipia saa hizo.

Ili mtu aelewe kwa nini kuchambua ni lazima, inafaa arudi nyuma kidogo. Hadi kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia nyavu zilifumwa kwa pamba, kitani, katani na nyuzi nyingine za mimea, na adui mkubwa wa mvuvi alikuwa kuoza. Nyavu zilianikwa baada ya kila safari, zikachovywa katika maji ya magome ili zidumu, na bado hazikudumu sana. Mwaka 1935 Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont nchini Marekani walitengeneza nailoni ya kwanza, na mwaka 1938 Paul Schlack nchini Ujerumani akatengeneza nailoni ya aina nyingine, inayoitwa nailoni 6, ambayo leo ndiyo iliyo katika nyavu nyingi za kutega na za kuzungusha. Baadaye zikaja polithini na polipropilini kwa ajili ya kamba na nyavu za kukokota. Wavuvi walizipokea kwa furaha kwa sababu moja iliyo wazi: hazikuoza. Sifa hiyohiyo ndiyo inayolalamikiwa sasa, na sioni haki katika kuwalaumu watu waliochagua wavu wa kudumu badala ya wavu wa kuoza.

Nyuzi hizi zinafanana machoni, hasa zikishachafuka, lakini hazina undugu. Njia rahisi ya kuzitenganisha nilifundishwa kwa ndoo ya maji. Unakata kipande kidogo, unakiosha kwa tone la sabuni ili viputo vya hewa visikidanganye, unakizamisha kwa kidole, kisha unakiachia. Nailoni ina uzito wa takriban gramu 1.14 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo inazama, iwe katika maji baridi au ya bahari. Polithini na polipropilini ziko chini ya gramu 1, kwa hiyo zinapanda juu. Poliesta, ambayo hutumika katika baadhi ya kamba, ina takriban gramu 1.38 na huzama upesi kuliko nailoni. Ikibaki shaka, unachukua kipande kisichozidi ukucha na kukigusisha kwenye mwali wa kiberiti, nje penye upepo: nailoni hujikunja ikikimbia moto, huacha shanga ngumu na harufu ya nywele zilizoungua, ilhali polithini na polipropilini huendelea kuwaka taratibu, hudondoka, na hunuka mshumaa uliozimwa. Nasema kipande kisichozidi ukucha kwa makusudi. Nimeona watu wakichoma lundo zima na kuliita usafi, na moshi wake si wa mtu kuuvuta.

Kwa nini kiwanda kisichukue mchanganyiko huo wote na kuuyeyusha? Kwa sababu polithini huyeyuka kwenye nyuzijoto 130 hivi, polipropilini kwenye 165, na nailoni 6 kwenye 220, na hata ukizifikisha zote kwenye kuyeyuka hazichanganyiki. Hukaa kama mafuta na maji, na zikipoa hutoa plastiki inayovunjika kwenye mpaka kati ya hii na ile. Hapo bado hujataja risasi, ambayo ni sumu na ambayo haitakiwi hata chembe yake iingie katika punje za plastiki zitakazouzwa. Nyavu za vizimba vya kufugia samaki zina tatizo lake, kwa kuwa nyingi hupakwa dawa yenye shaba ili viumbe wa baharini wasizishike. Na mashine za kusagia zenyewe, zilizobuniwa kwa ajili ya ndoo na chupa, zikilishwa wavu mzima hujizungushia nyuzi kwenye mhimili hadi zinakwama, kisha mtu anaingia na kisu, na tumerudi palepale tulipoanzia.

Zikishachambuliwa, njia ziko mbili. Nailoni 6 ina bahati, kwani minyororo yake inaweza kuvunjwa kwa joto na kemia hadi kurudi kuwa kaprolaktamu, ile malighafi ya mwanzo iliyoitengeneza, kisha ikasafishwa na kuunganishwa upya. Nailoni inayotoka huko haina tofauti na nailoni mpya, na rangi au uchakavu wa wavu hauna neno. Kampuni ya Aquafil inafanya kazi hiyo tangu mwaka 2011 katika kiwanda chake cha Ljubljana, Slovenia, ambako nyavu huchanganywa na mabaki ya mazulia na taka nyingine za nailoni. Polithini na polipropilini hupita njia ya pili, ya kuoshwa, kusagwa, kuyeyushwa na kukatwa punje, kama ilivyofanya kampuni ya Plastix katika mji wa Lemvig, Denmark. Plastiki ya njia hii ya pili hupoteza nguvu kiasi, kwa hiyo mara nyingi haigeuki wavu tena bali vitu vya kumwaga kwenye kalibu. Nchini Chile, kampuni ya Bureo ilianza kukusanya nyavu kutoka kwa wavuvi wa pwani mwaka 2013 na kuzigeuza mbao za kutelezea zenye magurudumu, ikaendelea hadi kwenye nyuzi za nguo. Sina neno baya juu ya hao wote. Kazi yao ni ya kweli. Ninachosema ni kwamba kila mmoja wao, ukimwuliza, atakuambia kuwa mashine haimsumbui kama inavyomsumbua kupata nyavu zilizokwisha kuchambuliwa, kavu, zisizo na risasi, kwa wingi unaojaza lori.

Na lori ni jambo zito. Wavu ni mwepesi na mpana. Ukiupakia bila kuubana unasafirisha hewa. Bandari ndogo inaweza kuchukua mwaka mzima kabla ya kufikisha mzigo wa lori moja, na muda wote huo kichuguu kinanyeshewa, kinanuka, kinazaa panya, na jirani analalamika. Ndiyo sababu mipango iliyodumu ni ile iliyounganisha bandari nyingi kuwa mzigo mmoja. Kampuni ya Nofir ya Norwei, iliyoanzishwa mwaka 2008, hukusanya nyavu kutoka bandari na mashamba ya samaki, na kazi ya kuzifumua imekuwa ikiipeleka Lithuania. Angalia vizuri hapo: kilichosafirishwa kuvuka bahari ni ile asubuhi ya kisu, ikitafuta mahali ambapo saa ya mfanyakazi ni nafuu. Kinyume chake ni Sotenäs, kwenye pwani ya magharibi ya Uswidi, ambako kimejengwa kituo cha kufumulia na kuchambulia zana za uvuvi palepale kwenye eneo la wavuvi, na kazi ikabaki kwao.

Sasa nirudi kwenye swali la malipo. Jibu la kwanza ambalo wakuu wa bandari wengi hulifikiria ni kumtoza mvuvi anayeleta taka. Linaonekana la haki, maana mchafuzi alipe. Lakini hebu mfikirie nahodha aliye na wavu mkuukuu sitahani na bahari pande zote nne. Ukimtoza kwa kuleta gatini, umemlipa kwa kutupa majini. Nchi zinazozunguka Bahari ya Baltiki ziliona hilo zamani, zikakubaliana kupitia tume yao ya HELCOM kwamba ada ya taka iingizwe katika ada ya kawaida ya kutia nanga: meli ilete taka au isilete, italipa ileile, hivyo hakuna faida ya kutupa. Umoja wa Ulaya ukaufanya utaratibu huo kuwa sheria katika Maelekezo 2019/883, na ukaongeza kifungu ambacho binafsi nakipenda sana: taka zilizonaswa na nyavu kwa bahati mbaya wakati wa uvuvi zipokelewe bila kutozwa chochote kwa kadiri ya wingi wake. Maelekezo mengine ya mwaka huohuo, 2019/904, yaliangalia upande wa pili wa mnyororo na kuwataka watengenezaji wa zana za uvuvi zenye plastiki wagharimie ukusanyaji na ushughulikiaji wake zikichakaa, na nchi wanachama zikapewa hadi mwisho wa mwaka 2024 kuweka mifumo hiyo. Sababu waliyoitoa ni kwamba zana za uvuvi zilikuwa takriban asilimia 27 ya taka zinazookotwa katika fukwe za Ulaya.

Iceland haikungoja. Tangu mwaka 2005 chama cha makampuni ya uvuvi cha huko kimekuwa kikiendesha chenyewe mpango wa kupokea na kurejeleza nyavu, kwa mapatano na serikali kwamba mradi kazi inafanyika, zana zao hazitozwi ada ya urejelezaji. Korea Kusini imechukua njia ya amana: mwaka 2024 ilianza na mitego, ambapo mnunuzi analipa kiasi cha ziada anaponunua mtego na kurudishiwa akiurudisha umechakaa. Njia hii naiona ina akili ya kibinadamu kuliko zote, kwa kuwa inageuza takataka kuwa kitu chenye fedha yako ndani. Mvuvi hahitaji kuhubiriwa ili arudi kuchukua fedha yake.

Hata hivyo, sheria nzuri inaweza kufia kwenye kufuli. Katika bandari moja niliyoizoea miaka ya nyuma, ambayo sitaitaja, uongozi ulinunua kontena kubwa la nyavu chakavu, likapakwa rangi ya buluu na kuchorwa kasa anayetabasamu. Ufunguo ulikaa kwa mlinzi aliyeondoka saa kumi jioni, ilhali mashua nyingi ziliingia usiku wa manane au alfajiri. Wavuvi wakaacha nyavu zao kando ya kontena. Mtu akaona lundo, akaongeza mfuko wa taka za nyumbani. Mwingine akaongeza godoro. Kontena lilipofunguliwa mwisho wa mwezi lilikuwa karibu tupu, lakini pembeni yake palikuwa jaa. Nakumbuka kikao kilichofuata, ambacho hitimisho lake lilikuwa kwamba wavuvi hawana elimu ya mazingira.

Kuna jambo jingine linalochanganywa sana, nami nililichanganya kwa muda mrefu. Wavu uliochakaa na wavu uliopotea si tatizo moja. Wa kwanza uko gatini, una mwenyewe, na unaweza kurejelezwa. Wa pili uko chini ya maji, umekatwa na mwamba, umechukuliwa na dhoruba, au umepitiwa na rafadha ya meli, na unaendelea kuvua bila mvuvi: samaki ananasa, anakufa, anakuwa chambo cha kaa, kaa naye ananasa. Urejelezaji, hata uwe mzuri vipi, hauufikii wavu huo. Takwimu zake pia zinahitaji tahadhari. Ile ya tani 640,000 kwa mwaka, ambayo bado inanukuliwa kila mahali, ilitoka katika ripoti ya mwaka 2009 ya FAO na UNEP, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya mazingira, nayo ilipatikana kwa kuchukua makisio ya taka za baharini ya miaka ya 1970 na kuhesabu asilimia 10 yake kuwa ni zana za uvuvi. Waandishi wenyewe hawakuificha kuwa ni kisio la juujuu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikwenda njia ya unyenyekevu zaidi, yaani kuwauliza wavuvi. Watafiti walizungumza na wavuvi 450 katika nchi 7, kisha wakakadiria kwamba karibu asilimia 2 ya zana zote hupotea kila mwaka, zikiwamo kilomita za mraba 2,963 za nyavu za kutega, kilomita 739,583 za kamba kuu za mishipi mirefu, na mitego zaidi ya milioni 25.

Asilimia 2 inaonekana ndogo hadi uikumbuke kuwa ni ya kila mwaka, na kwamba nailoni ya mwaka jana bado iko. Dawa za upotevu ni nyingine kabisa. Norwei humtaka mvuvi aliyepoteza wavu autafute na, akiukosa, atoe taarifa ya mahali ulipo, na idara yake ya uvuvi imekuwa ikituma chombo kuopoa zana zilizopotea karibu kila mwaka tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. FAO ilipitisha mwaka 2018 miongozo ya hiari ya kuweka alama kwenye zana za uvuvi, ili wavu ukiopolewa ujulikane ni wa nani. Kwa mitego kuna hila ya zamani isiyohitaji teknolojia yoyote: mlango mmoja hufungwa kwa uzi wa pamba, na mtego ukipotea, uzi unaoza baada ya muda na mlango unafunguka. Nafurahi kuona pamba imerudi baharini kwa sababu ileile iliyofukuziwa. Kuhusu kutupa kwa makusudi, halina mjadala: Kiambatisho cha V cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue bahari, kilichoanza kutumika tarehe 31 Desemba 1988, kinakataza plastiki yoyote kutupwa baharini, kamba na nyavu zikiwamo.

Taka nyingine za bandarini nitazipitia kwa haraka, kwa maana kila mtu anazijua: makopo ya oili, glavu za mpira, makasha ya povu jeupe yanayomeguka punje punje, chupa za maji. Hizo zinahitaji mapipa yenye vifuniko na mtu wa kuyamwaga, basi. Lakini kuna taka moja ya gatini ambayo haitazamwi kwa sababu ni ndogo, nayo ni mabaki ya kushona. Fundi wa nyavu anapotengeneza tundu hukata kwanza kingo zilizoraruka ili apate macho mazima ya kuanzia, na kila mkato huangusha kijiuzi cha urefu wa kidole. Upepo unavichukua, mvua inavisukuma, na gati lina mteremko wa kuelekea majini kwa sababu lilijengwa hivyo. Wanaohesabu taka katika fukwe za kaskazini mwa Ulaya huvikuta vijiuzi na vijikamba hivi miongoni mwa vitu vya kwanza kwa wingi. Siku moja niliomba ruhusa nitandike turubai chini ya fundi mmoja, alasiri moja tu. Jioni tulipoikunja kwa pembe nne, vijiuzi vilijaza kofia yake, naye akacheka, akasema kwamba kwa hesabu hiyo amekwisha kushona bahari viraka.

Kamba nazo zina lao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walionyesha mwaka 2022 kwamba kamba mpya ikivutwa kutoka majini huacha vipande vidogo visivyoonekana wapatao 20 kwa kila mita, ilhali kamba ya miaka miwili huacha zaidi ya 700. Maana yake ni kwamba kubakiza kamba kuukuu ili kuokoa fedha, jambo ambalo kwa mengine yote ningelisifu kama ubanaji wa matumizi, hapa lina gharama yake iliyofichika, na kamba iliyostaafishwa mapema ni rahisi pia kuirejeleza kwa kuwa nyuzi zake bado ni nzima.

Kuhusu taka zinazonaswa baharini, mfano ninaourudia mara kwa mara ni wa bandari ya Neendakara, jimboni Kerala, India. Mwaka 2017 wavuvi wa trola, yaani mashua za kukokota nyavu, walianza kurudi na plastiki iliyoingia nyavuni badala ya kuirudisha majini, wanawake wakaajiriwa kuiosha na kuichambua, na plastiki isiyofaa kwa kingine ikasagwa na kuchanganywa na lami ya barabara. Ulaya kulikuwa na mpango wa aina hiyo tangu mwaka 2000, ulioanzia Uholanzi, ambapo mashua hupewa magunia makubwa na bandari huyapokea bure yakijaa. Barabara si mwisho mzuri wa plastiki, na mtu anaweza kuuliza itakuwaje lami ikichakaa. Swali ni la haki. Lakini wachambuaji walilipwa, na kazi ikapewa mahali pa kufanyikia na watu wa kuifanya, mambo mawili ambayo mipango mingi mizuri zaidi kwenye karatasi haikuwa nayo.

Ningependa kuona watengenezaji wakianza kufikiria kisu wanapobuni wavu. Kwa nini risasi isukiwe ndani ya kamba bila alama ya mahali inapoanzia na kuishia? Kwa nini kamba ya juu isiwe ya plastiki moja na maboya yake? Kwa nini uzi wa kushonea usiuzwe ukiwa na rangi inayotaja jamii yake, ili kiraka cha leo kisiwe kitendawili cha mtu mwingine baada ya miaka kumi? Haya si mambo ya maabara. Fundi yeyote wa nyavu angeweza kuyaeleza kama angeulizwa.

Wavu wetu tuliumaliza siku ya pili. Nailoni ilijaza magunia, tukayaandika ubavuni kwa rangi nyeupe kilichomo ndani. Kamba zinazoelea zikawa fungu lake. Maboya mazima wazee waliyachukua kwa ajili ya nyavu nyingine, na risasi tuliyoichomoa ikarudishwa kuyeyushwa na mtu mwenye kalibu ya kufanya hivyo, si kwenye sufuria. Lililobaki ni fungu la viraka, nailoni na polithini zimefungana vifundo visivyofunguka, na hilo lilikwenda jaani.

Wiki iliyofuata nilimkuta yule mzee wa uzi wa chungwa akishona wavu mpya uliochanika kwenye mwamba. Alikuwa ametandika turubai chini bila kuambiwa na mtu. Mapajani mwake kulikuwa na sindano mbili za nyavu badala ya moja: moja imeviringishiwa nailoni, na nyingine, ya kamba za pembeni, ameifunga kitambaa chekundu ili mkono usikosee gizani.